Maua Mawili kwa Juma



Ni nadra katika miji yetu ya pwani kuikuta nyumba isiyokuwa na kikapu cha kazi za sindano kilichowekwa juu ya kabati au chini ya kitanda. Ndani yake mna kofia iliyodariziwa nusu, kitambaa cha meza kilichofumwa hadi katikati, foronya yenye ua moja badala ya manne, na vipande vya leso vilivyokatwa kwa ajili ya mfarishi ambao bado haujaonekana. Si uvivu uliovifikisha huko. Kazi ya mkono huanza kwa shauku, kisha hukutana na maisha. Mtoto akaugua, mgeni akashuka, Ramadhani ikaingia, harusi ikatangazwa, na sindano ikabaki imechomekwa pale pale ilipofikia mpaka ikashika kutu.

Nimeombwa na kina mama wenzangu niandike juu ya njia tuliyoishika mwaka huu ya kuzitoa kazi hizo kikapuni: kujiwekea lengo dogo la kila juma, na kulitimiza kabla ya Ijumaa. Nitaieleza kwa kazi moja niliyo nayo mkononi, maadamu jambo likishikwa kwa mfano huwa jepesi kueleweka.

Kazi yenyewe ni kofia ya vito. Kwa vijana wasioijua, hii ni kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, iliyo mashuhuri sana Lamu na visiwa vyake. Hukatwa vipande viwili: ukanda unaozunguka kichwa, na duara la juu. Kila kipande huwa ni kitambaa cha pamba cha tabaka mbili, zikashikizwa kwa kupigwa bandi ili zisiteleze. Juu yake huchorwa maua na mistari kwa kalamu ya risasi. Kisha mshonaji hutoboa kitundu kimoja kimoja kwa sindano nene, akakizungushia uzi ukingoni, uzi juu ya uzi, mpaka kikakaza na kusimama. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoipa kofia pambo lake, na ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani katika joto letu hili. Ndugu zetu wa Omani wana kofia yao waiitayo kumma, na mwenye kuziweka mbili hizo pamoja ataona kwamba ni jamaa moja, kama walivyo jamaa wengi wa pande hizo mbili za bahari.

Kofia hii aliianza mamangu, miaka mitatu iliyopita, kwa ajili ya mjukuu wake, ambaye ni mwanangu wa kwanza. Alimpima kichwa kwa uzi, akapiga fundo mahali uzi ulipokutana, akauweka uzi huo ndani ya msahafu wake mdogo usipotee. Ukanda aliuchora maua 36. Alishona 14.

Macho yake yalikuwa yamekwisha kuondolewa mtoto wa jicho, na tukadhani shida imekwisha. Kumbe palikuwa na presha ya macho chini yake, na maradhi hayo hula nuru kimya kimya, kuanzia pembeni kuja katikati, bila maumivu. Daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa za matone huizuia isiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Tangu hapo mama humjua mtu kwa sauti na kwa hatua zake. Kofia akaikunja ndani ya kitambaa cha leso, akanikabidhi, na hakusema neno juu yake.

Baada ya Idi ya mfunguo mosi, posa ya mwanangu ikajibiwa. Nikahi ikapangwa iwe mfunguo sita, mwezi wa Maulidi. Nilipompa mama habari ile alifurahi, akaomba dua, kisha akauliza swali moja tu: "Na ile kofia, mwanangu, iko wapi?"

Nikaitoa. Akaipapasa ukingoni kwa kidole gumba, akahesabu maua yake kwa kugusa hadi lile la 14, akasimama pale panapoanza kitambaa kitupu. Akasema, "Macho yangu yamekwenda, lakini vidole vipo. Shona wewe, mimi nitakukagua. Ila ushone kila juma. Kofia haishonwi kwa pupa, wala haishonwi kwa kusahau."

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Nilichukua daftari la mtoto, nikaandika kilichobaki. Maua 22 ya ukanda. Duara la juu, lenye mizunguko 5 ya vitundu. Kuunganisha duara na ukanda. Kufua, kutia wanga na kuikausha ikiwa na umbo lake. Halafu nikahesabu majuma yaliyokuwepo mpaka siku ya nikahi: yalikuwa 20. Nikigawa maua mawili kwa juma, ukanda ungechukua majuma 11. Duara, mzunguko mmoja kwa juma, majuma 5. Kuunganisha na kutia wanga, juma 1. Jumla 17. Yakabaki majuma 3 ya akiba, kwa ajili ya homa, wageni na misiba, kwani hayo nayo ni riziki za binadamu na ni lazima yahesabiwe.

Nataka msomaji aitazame hesabu hii vizuri. Sikuandika kwamba nitashona saa moja kila siku. Saa moja ya mama wa nyumbani si saa. Inakatwa na mlango, na sufuria, na mtoto, na simu. Anayejipimia saa hujiona amefeli kila siku, hata kama amefanya mengi. Nimejipimia maua, kwa sababu ua likishakamilika limekamilika. Ua moja la kofia hii lina vitundu 12. Maua mawili ni vitundu 24. Ukivigawa kwa siku sita ni vitundu vinne kwa siku, na vitundu vinne hata mwenye watoto watano anaweza kuvipata baina ya shughuli mbili. Kazi iliyokuwa ikitisha kikapuni ikawa ni vitundu vinne. Wazee walikwisha kusema: bandu bandu huisha gogo.

Kwa nini juma, na si siku wala mwezi? Siku ni fupi mno. Ikiharibika asubuhi, imeharibika yote. Mwezi nao ni mrefu. Humdanganya mtu kwamba bado kuna wakati, mpaka mwezi unaandama mwingine. Juma lina nafasi ya kufidia: kilichokosekana Jumatatu hupatikana Jumatano. Isitoshe, sisi juma letu limekwisha kuhesabiwa ndani ya lugha. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, na kuendelea mpaka Alhamisi, kisha ikaja Ijumaa, siku ya kukusanyika. Wazee waliotupa majina hayo waliianza hesabu baada ya Ijumaa. Basi nami Jumamosi huanza vitundu vipya, na Ijumaa sishoni. Ijumaa ni siku ya kukaguliwa.

Ukaguzi wenyewe huwa baada ya Alasiri, chumbani kwa mama. Huchukua kofia akaiweka mapajani, akakigeuza kitambaa upande wa ndani kwanza, kwa kuwa, asema yeye, upande wa nje humsifu mshonaji na upande wa ndani humsema kweli. Hupitisha ukucha juu ya kila kitundu. Kilicholegea hukijua, kilichokazwa mno hukijua pia, maana kitambaa huvutika pembeni yake na kufanya kikunjo kidogo ambacho jicho langu lilikuwa halijakiona. "Hapa umeshona ukiwa na hasira," aliniambia Ijumaa ya tatu. Niliangalia daftari, kitundu kile kilikuwa cha Jumanne, siku ambayo maji yalikatika mtaani tangu alfajiri.

Nilichojifunza katika kikao hicho ni kingi kuliko maua. Nimejua kwamba uzi mrefu humvutia mvivu wa kutunga, lakini huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na kuchafuka. Kipimo cha kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko kinatosha. Nimejua kwamba uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hautaki taa. Taa hutupa kivuli cha mkono juu ya kazi. Nuru ya mchana hulala sawasawa. Wakati mzuri kwangu umekuwa ni saa tatu za asubuhi, watu wakiisha kutoka, na kile kipande cha mchana baada ya Alasiri jua linapolegea. Nimejua pia kwamba mtu asimalizie ua jioni akakunja kazi. Aache kitundu kimoja au viwili vya ua lile, ili kesho mkono ujue pa kuanzia. Anayeacha mahali palipokamilika huamkia uwanja mtupu, na uwanja mtupu ni mzito kuuingia.

Binti wa ndugu yangu, mwenye miaka 12, naye amepata nafasi yake. Kila Ijumaa jioni humtungia shangazi yake sindano sita, moja kwa kila siku, akazichomeka kwenye kijimto. Macho yake mapya hutunga uzi kwa mara moja, pale ambapo mimi hulamba uzi mara tatu na kusogea dirishani. Mwanzoni alitunga tu na kukimbia kucheza. Siku hizi hukaa akasikiliza. Juma la tisa aliomba kipande cha kitambaa kilichobaki, akatoboa kitundu chake cha kwanza na kukizungushia uzi. Kilikuwa kimepinda kama yai. Bibi yake akakipapasa, akacheka, akasema: "Mwanzo kokochi, mwisho nazi." Kipande kile mtoto hakukitupa.

Basi wenzangu wawili waliposikia habari ya daftari, nao wakataka yao. Wifi yangu alikuwa na vipande vya leso kuukuu, akitaka kumshonea mjukuu atakayezaliwa mfarishi wa viraka. Leso moja ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110, kwa hiyo ikikatwa viraka vya sentimita 15 kila upande, leso nzima hutoa viraka 70. Mshono ukiisha kula sentimita moja kila ukingo, kiraka hubaki na 13. Tulikaa sakafuni tukavipanga: viraka 8 kwa upana na 10 kwa urefu vinatoa mfarishi wa sentimita 104 kwa 130, unaomtosha mtoto mpaka aanze chuo. Lengo lake likawa safu moja ya viraka 8 kila juma. Majuma 10 ya safu, mawili ya kuziunganisha, na manne ya kuushona pamoja uso, blanketi jepesi la katikati na bitana ya chini. Jumla 16. Alifua leso zote kwanza kabla ya kukata, nami namuunga mkono: nguo mpya hurudi ikifuliwa na kuukuu hairudi tena, na zikichanganywa bila ya kufuliwa mfarishi hukunjamana. Rafiki yetu wa tatu ana kitambaa cha meza cha kufuma. Lengo lake ni mizunguko mitatu.

Tumewekeana sharti moja. Kila Ijumaa kila mmoja hueleza alichofanya, hata kama ni kiraka kimoja, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Aliye karibu huja na kazi yake mkononi. Aliye mbali hutuma ujumbe wa sauti. Kikao hiki hakina mwenyekiti wala mchango. Lakini mtu ajuaye kwamba Ijumaa ataulizwa, Jumatano huikumbuka sindano.

Na majuma si yote yalikwenda kama yalivyoandikwa. Juma la saba jirani yetu wa mlango kwa mlango alifiliwa na mume. Siku zile sindano haikushikwa kabisa. Palikuwa na maji ya kuchota, wali wa kupika, watoto wa mfiwa wa kulaza, na hitima. Ijumaa ilipofika nilimwambia mama kwamba hakuna ua hata moja. Akajibu, "Lipo juma la akiba. Liandike." Nikaliandika. Lengo la juma ni mtumishi wetu, si bwana wetu, na lililotuzuia kumfariji jirani lingekuwa limegeuka kuwa kitu kingine. Hii ndiyo faida ya kuweka akiba tangu mwanzo: juma lile halikuhesabiwa kuwa ni pengo, kwa kuwa nafasi yake ilikuwako.

Mwanangu mwenyewe aliniuliza, kwa nia njema, kwa nini tujisumbue hivi ilhali kofia za mashine zimejaa madukani, safi na za bei nafuu, na mtu hawezi kuzitofautisha akiwa safu ya pili msikitini. Swali lake ni la haki. Wapo wanaume wema wanaovaa kofia za mashine na sala zao zikakubaliwa inshallah. Lakini nilimshika mkono nikampeleka kwa bibi yake siku ya Ijumaa, akae kimya aangalie. Akaona vidole vile vikipita juu ya ukanda, vikisimama, vikirudi, vikiendelea. Alipotoka hakuuliza tena. Amekuwa yeye ndiye anayeniletea uzi kutoka mjini.

Maana kilicho hatarini hapa si kofia peke yake. Mama anajua namna ya kuchora maua yale bila kipimo. Anajua ni michoro gani iliyokuwa ya nyumba fulani na ipi ni ya juzi juzi. Anajua uzi wa kukazia na uzi wa kupambia. Hayo hayakuandikwa mahali. Yamo vidoleni mwake na katika maneno anayoyasema pindi anapokagua. Asipopata cha kukagua hatayasema, kwa kuwa yeye si mtu wa kuhadithia kazi bila ya kuishika. Kila ua ninalomaliza humfungua mlango mmoja wa maneno, na nusu ya daftari langu sasa si hesabu tena, ni maneno yake.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo madogo yasiyo na nafasi katika dini yetu. Tumefunzwa kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata iwe kidogo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona nguo zake mwenyewe nyumbani kwake. Na mama yetu Bi Zaynab bint Jahsh, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alijulikana kwa kufanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kilichopatikana. Mkono unaojua kazi ni hazina kwa mwenyewe na kwa jirani, na wapo kina mama miongoni mwetu waliosomesha watoto kwa kofia na mikeka bila ya mtu kuwasikia wakilalama.

Wakati ninapoandika maneno haya tuko juma la 14. Ukanda umekamilika, maua yote 36. Duara la juu limefikia mzunguko wa pili. Yamebaki majuma 6, na kazi iliyobaki ni ya majuma 4. Mwenye kuutazama ukanda kwa makini ataona mahali mkono wa mama ulipoishia na wangu ulipoanzia: vitundu vyake ni vidogo na vimekaribiana, vyangu vimejipa nafasi kidogo. Nilimuuliza kama anataka nifumue maua yangu ya mwanzo niyarudie sasa kwa kuwa mkono umezoea. Akakataa. "Yaache. Atakayeivaa ajue kwamba alishonewa na wawili."

Ameniomba jambo moja tu, nami nimeliandika katika daftari, kwenye juma la kuunganisha duara na ukanda. Anataka mshono wa mwisho aushone yeye. Mtoto atamtungia sindano, mimi nitamwekea kitambaa mahali pake, na yeye atapiga fundo kwa vidole vyake. Kwa hiyo juma lile lengo langu si kumaliza. Lengo langu ni kubakisha.

Dada yangu msomaji, ukitaka kujaribu, usianze kwa kumwaga kikapu chote sakafuni. Chagua kazi moja, ile ambayo kuna mtu anayeingoja. Ihesabu kwa maua, kwa safu au kwa mizunguko, si kwa saa. Gawa kwa majuma uliyo nayo, kisha uongeze juma moja la akiba kwa kila majuma matano au sita. Andika. Tafuta mtu mmoja wa kukuuliza kila Ijumaa, na akiwa ni mzee anayeijua kazi hiyo kuliko wewe, ndiyo bora zaidi, maana utakuwa umekamilisha kazi mbili kwa sindano moja. Nyingine zilizomo kikapuni zikunje vizuri, uziwekee karafuu zisiliwe na wadudu, nazo zitapata zamu yao.

Namuomba Mwenyezi Mungu ayahifadhi macho yenu na ya wazazi wenu, aitie baraka mikono yenu, na aijaalie nikahi ya mwanangu na nikahi za vijana wetu wote ziwe za kheri.

Wabillahi tawfiq.